Half-Life: Alyx ulisifiwa kote, mbona hatumjui mtu aliyeucheza?

#1 MenengaiJuu (Nakuru)

Hamjambo. Jumamosi iliyopita nilikuwa nyumbani kwa binamu yangu hapa Milimani, ambaye amerejea kutoka ng'ambo na kompyuta nzito kama gunia la viazi pamoja na miwani ya uhalisia pepe, ile inayofunika macho na kukuonyesha dunia ya kubuni kana kwamba uko ndani yake. Alinivalisha ile miwani akanifungulia Half-Life: Alyx, mchezo wa kampuni ya Valve uliotoka mwaka wa 2019. Nilijikuta nimesimama kwenye roshani juu ya mji wa City 17. Nilipoingia ndani nilikuta vioo vya dirisha na kalamu za wino, nikaokota moja na kuandika jina la mama yangu kwenye kioo, na herufi zikatoka kwa mwandiko wangu uleule ulionifanya nichapwe nilipokuwa darasa la tatu. Baadaye nilinyoosha mkono kutafuta risasi kwenye rafu ya juu, na mkono wangu ukaivunja balbu ya binamu iliyokuwa ikining'inia sebuleni.

Nimecheza gemu tangu enzi za kaseti ambazo tulizipuliza vumbi ndipo zikubali, na sijawahi kukutana na kitu kama hiki. Wakosoaji waliupa wastani wa alama 93 kwa 100 kwenye Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wakosoaji. Hata hivyo, nimewauliza vijana wote ninaowajua kuanzia Free Area hadi Section 58, na hakuna hata mmoja aliyeucheza. Wengi hata jina hawajalisikia. Dai langu ni kwamba sababu ni moja tu, nayo ni bei. Anayepinga na apinge kwa hoja.

#2 MsemaKweliWebuye

Kabla ya hoja, turekebishe tarehe. Mchezo huo ulitangazwa Novemba 2019, lakini ulitoka tarehe 23 Machi 2020. Tofauti ya miezi minne inaweza kuonekana ndogo, ila kwa mchezo huu ni kubwa, kwa sababu katikati yake dunia ilifungwa. Pole kwa balbu.

#3 FundiWa58 (Nakuru)

Ninamuunga mkono MenengaiJuu, na kwa kuwa kazi yangu ni kompyuta, acha niweke hesabu mezani. Miwani ambayo Valve yenyewe iliitengeneza kwa ajili ya michezo kama huu inaitwa Index, na seti yake kamili iliuzwa dola 999. Kwa kiwango cha ubadilishaji wa mwanzo wa mwaka wa 2020, hizo zilikuwa zaidi kidogo ya shilingi 100,000, kabla hujalipa usafiri, kabla ya VAT ya asilimia 16, na kabla ya ada nyingine zinazokusubiri mzigo unapotua. Isitoshe, Kenya haikuwa kwenye orodha ya nchi ambazo Valve iliziuzia moja kwa moja, kwa hiyo ilibidi umtafute mtu wa kukuletea ndani ya sanduku lake la nguo.

Ukishaipata, huwezi kuichomeka kwenye kompyuta yoyote. Mchezo wenyewe ulidai, kwa uchache, kadi ya michoro ya kiwango cha GTX 1060 na RAM ya GB 12. Wateja wangu wengi huniletea zile kompyuta za ofisi za mtumba kutoka Uingereza, zile nyembamba za kulala chini ya skrini. Ukilifungua sanduku lake unakuta hakuna nafasi ya kadi nzima, na pawasaplai yake haina hata waya wa ziada wa kuilisha hiyo kadi. Mwaka wa 2020 kijana mmoja alinijia akiwa amejinunulia kadi kwanza kabla ya kuuliza. Tulijaribu kila namna, mpaka akapendekeza tukate bati la ubavuni ili kadi ichungulie nje. Nilikataa, akaenda kuiuza kwa hasara.

Kisha ongeza vile visanduku viwili vya kufungwa ukutani ili vifuatilie mwendo wako, kila kimoja na soketi yake, na waya wa mita tano unaokufuata kama mbuzi aliyefungwa kamba. Nani ana sebule ya namna hiyo?

#4 JaKondele (Kisumu)

Omera Fundi, hesabu zako ni safi lakini hazijibu swali. Mimi nina kibanda cha gemu, na ninakuhakikishia kwamba bei haijawahi kuwazuia vijana wetu kucheza kitu wanachokipenda. Hakuna hata mmoja kati ya wateja wangu anayemiliki PlayStation, lakini wote wanaicheza kila siku kwa sababu mashine moja inawalisha vijana kumi na watano. Mechi moja ni shilingi ishirini, aliyefungwa anatoa pedi, wengine wapo kwenye benchi wakitukana mabeki.

Nilishajaribu uhalisia pepe. Jamaa mmoja aliniazima miwani ya Quest wakati wa likizo ya Krismasi. Siku ya kwanza foleni ilifika barabarani. Siku ya tatu nilikuwa peke yangu na ile miwani. Aliyeivaa anapiga kelele na kukwepa vitu, lakini walio kwenye benchi wanaona mgongo wake tu, na hata nilipoipeleka picha kwenye televisheni ilikuwa ikitikisika kila anapogeuza kichwa, hadi wakaniambia niizime niwawekee mpira. Halafu kuna jambo la jasho. Kijana anatoka uwanjani, anavaa miwani, sponji inaloa, na anayefuata anaitazama ile sponji kisha ananitazama mimi. Nilikuwa nikiipangusa kwa kitambaa chenye spiriti mpaka kibanda kikanuka zahanati.

Kwa hiyo nasema hivi: kitu kisichoweza kutazamwa na wenzako hakiwezi kusambaa mtaani, hata kiwe cha bure.

#5 BintiNyalenda (Kisumu)

JaKondele, kibanda chako kilinuka hata kabla ya hiyo spiriti. Nilikuwa pale siku ya pili, na nina malalamiko ambayo hukuyasikiliza.

Nilikuwa nimesukwa rasta ndefu, nimezifunga juu. Ule mkanda wa miwani umetengenezwa kwa ajili ya mtu ambaye nywele zake zinalala. Ukiuweka chini ya fundo, miwani inaning'inia puani na kila kitu kinakuwa na ukungu. Ukiuweka juu ya fundo, unateleza. Ilinibidi nichague kati ya kufumua kazi ya saa sita na kuona vizuri, na bila shaka unajua nilichagua nini. Dada yangu anayevaa miwani ya macho naye aliitoa baada ya dakika mbili, ikiwa imemwachia alama mbili puani. Mnazungumza juu ya kadi za michoro, lakini kuna watu ambao kifaa chenyewe kiliwakataa mlangoni.

#6 TabibuWaZiwa (Kisumu)

Nashukuru kwa mada hii. Mimi ni afisa wa kliniki, na ningependa tuongeze kichefuchefu, kwa sababu watu wengi wanaojaribu miwani hii mara ya kwanza hukutana nacho na hawarudi tena.

Ndani ya sikio kuna kiungo kinachoueleza ubongo kama mwili unasogea au umetulia. Mtu anayesoma simu ndani ya matatu kwenye kona za barabara ya Kapsabet hutapika kwa sababu sikio linasema tunasogea huku macho yakisema tumetulia. Uhalisia pepe hugeuza mambo: macho yanasema unatembea, sikio linasema umesimama sebuleni. Ubongo haupendi kushuhudiwa na mashahidi wawili wanaopingana. Kuna wanaozoea baada ya siku kadhaa, na kuna wasiozoea kabisa. Sasa niambieni, ni nani atakayelipa shilingi 100,000 kabla hajajua yeye ni wa kundi gani?

#7 MenengaiJuu (Nakuru)

Daktari, ninakuheshimu, lakini hilo Valve walilifikiria. Mimi nilicheza zaidi ya saa moja bila hata kuhisi kizunguzungu, kwa sababu kuna njia ya kusafiri kwa kuelekeza mkono mahali unapotaka kwenda na kujikuta umefika, bila kupita katikati. Anayetaka kutembea mfululizo anaweza kuchagua hivyo, anayeogopa achague kuruka. Michezo mingine inaweza kulaumiwa kwa kutapisha watu, ila kwa huu tumtafute mchawi mwingine.

#8 TabibuWaZiwa (Kisumu)

Ni kweli kwamba Alyx ulikuwa mpole kuliko mingi. Tatizo ni kwamba mtu hafiki kwenye Alyx moja kwa moja. Anaanza na ile miwani ya kadibodi inayowekwa simu, au garimoshi la kupanda na kushuka milima kwenye maonyesho ya dukani, anarudi nyumbani akishika tumbo, na siku akisikia kuna mchezo mpya wenye alama 93 anasema asante, nimeshiba.

#9 MwalimuLurambi (Kakamega)

Naona wote mmepita ile tarehe aliyoitaja MsemaKweliWebuye bila kuitazama. Tarehe 23 Machi 2020! Shule zetu zilikuwa zimefungwa wiki iliyotangulia kwa sababu ya korona, na kila mtu alikuwa akijiuliza unga utatoka wapi. Viwanda vya China vilikuwa vimesimama kwa wiki kadhaa, na miwani ya Index, ambayo ilikuwa imeisha madukani katika nchi nyingi tangu mchezo ulipotangazwa, haikuweza kutengenezwa kwa kasi ya kutosha. Mchezo ukafika sokoni wakati chombo cha kuuchezea hakinunuliki hata na wenye pesa.

Kuna kisa kimoja kilichonigusa kama mwalimu wa hesabu. Mwalimu mwenzangu wa San Diego, baada ya shule yake kufungwa, aliingia ndani ya mchezo huu, akasimama mbele ya vile vioo anavyovisema MenengaiJuu, akachukua kalamu na kuwafundisha wanafunzi wake jiometri kwa video. Alichora pembe, akaandika majibu, mji mzima wa City 17 ukiwa nyuma yake. Mimi wakati huohuo nilikuwa nikituma picha za ubao kwa WhatsApp, na nusu ya darasa langu halikuwa na simu. Video ile ilitazamwa na watu wengi sana. Sidhani kama kuna tangazo lolote la Valve lililonishawishi kiasi kile, na bado sikuwa na namna ya kununua.

#10 MenengaiJuu (Nakuru)

Mwalimu, hoja ya korona ina upande wa pili. Animal Crossing: New Horizons wa Nintendo ulitoka siku tatu tu kabla ya Alyx, katika karantini ileile, na kufikia mwisho wa Machi ulikuwa umeuza zaidi ya nakala milioni 11. Watu walikuwa wamefungiwa nyumbani wakitafuta kitu cha kufanya. Kama kuna mchezo uliostahili kunufaika na kufungiwa, ni ule unaokuwezesha kusimama kwenye roshani ya mji mwingine.

#11 MzalendoBungoma

Mimi ni mgeni hapa, salamu kwa wote. Nilivyosikia, watu walikataa mchezo huu kwa sababu walikuwa wameahidiwa Half-Life 3 wakaletewa kitu kingine. Tena nadhani Facebook ndio wenye kampuni hiyo, na watu hawaiamini Facebook.

#12 MsemaKweliWebuye

Karibu, MzalendoBungoma. Umefika na sentensi mbili na makosa matatu, kwa hiyo utazoea haraka.

Kwanza, Facebook waliinunua Oculus, kampuni iliyokuja kutengeneza miwani ya Quest, mwaka wa 2014. Valve haijawahi kuwa mali yao, na mapato yake makubwa yanatoka kwenye duka lake la Steam. Pili, hakuna aliyeahidi namba tatu mwaka ule. Kisa cha Alyx kinatokea miaka mitano kabla ya Half-Life 2, na Valve walilisema hilo tangu siku ya kutangaza. Tatu, hawakuukataa: takriban asilimia 98 ya maoni ya wanunuzi kwenye Steam ni ya kuusifu. Lakini nitakupa haki yako kwa jambo moja. Mashabiki walikuwa wakingoja tangu mwaka wa 2007, pale kisa kilipokatwa kikiwa kitamu, na wengi wao walikuwa wamekua, wameoa, na kompyuta zao zikazeeka. Kuwaambia watu hao kwamba mlango wa kurudi ni miwani ya dola 999 kulikuwa na ukatili fulani.

Sasa nigeukie swali lenyewe, maana naona tunamtafutia marehemu sababu za kifo kabla ya kuhakikisha kwamba amekufa. Wakati Alyx unatoka, chini ya asilimia 2 ya watumiaji wa Steam walikuwa na miwani ya aina yoyote. Wachezaji waliokuwa ndani kwa wakati mmoja walifikia kama 43,000. Kwa mchezo wa kawaida hiyo ni idadi ya wastani, lakini kwa mchezo wa uhalisia pepe usiochezwa na wenzako mtandaoni, ilikuwa kubwa mno. Kumlinganisha na Animal Crossing si haki, kwa kuwa Nintendo walikuwa tayari wameuza zaidi ya mashine milioni 50 za Switch. Ni sawa na kumlaumu mvuvi wa bwawa la Webuye kwa kutoleta samaki wengi kama wavuvi wa Ziwa Victoria.

#13 FundiWa58 (Nakuru)

MsemaKweli, umeongea vizuri ila umetuzunguka. Mchezo huu haukutengenezwa ili uwafurahishe waliokuwa na miwani tayari. Valve wenyewe walisema watu wapatao 80 waliufanyia kazi, timu kubwa kuliko zote walizowahi kuwa nazo, na huwezi kuweka jeshi hilo kwa ajili ya asilimia 2. Ulikuwa chambo. Lengo lilikuwa watu wanunue miwani kwa sababu ya mchezo, watengenezaji wengine waone watu wamekuja, nao walete michezo yao.

Chambo kilifanya kazi kwa msimu mmoja. Index ziliisha madukani, hilo Mwalimu ameshalisema. Lakini baadaye ukitafuta mchezo wa pili wenye uzito ule, huukuti. Valve hawakuleta mwingine, na makampuni makubwa yalipiga hesabu yakaona mchezo bora kuliko yote umeshindwa kufungua soko, basi wao wafanye nini? Mteja wangu mmoja aliyeinunua Index kwa njia za panya aliumaliza Alyx kwa wiki mbili, na sasa ile miwani iko juu ya kabati imefunikwa kitambaa cha kufuma na mama yake.

#14 JaKondele (Kisumu)

Nilitaka kukaa kimya, ila Fundi anasema hakukuwa na mchezo mwingine na mimi nina ushahidi tofauti. Beat Saber, ule wa kukata vibonge kwa panga za mwanga kwa kufuata muziki, ulikuwa umeuza zaidi ya nakala milioni moja kufikia Machi 2019, mwaka mzima kabla ya Alyx. Kwenye kibanda changu ndio pekee uliofika siku ya tatu. Mnajua kwa nini? Kwa sababu mtu aliyeuvaa anacheza dansi, na dansi inatazamika. Kulikuwa na mama wa mboga wa jirani aliyekuja kila jioni kumtazama mwanawe akirusha mikono. Alyx unataka uiname, upekue droo, usikilize. Aliyekaa kwenye benchi anafikiri umepoteza funguo.

#15 BintiNyalenda (Kisumu)

Hapo JaKondele kasema kweli kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Nami naongeza kuhusu woga, ambao hakuna mwanaume hapa aliyeutaja, sijui kwa nini.

Nilipata kuucheza Alyx wenyewe kwa rafiki yangu wa chuo, nikiwa nimenyoa safari hiyo. Kuna sura yenye kiumbe kipofu anayeitwa Jeff, ndani ya kiwanda cha pombe. Hakuoni, lakini anasikia kila kitu, na hewa pale imejaa vumbi la kukohoza, kwa hiyo inakubidi uinue mkono wako na kuuziba mdomo ili mhusika asikohoe. Chupa ziko kila mahali, na ukifungua mlango mmoja unaweza kuiangusha moja kutoka juu, hivyo unaidaka kwa mkono wa pili huku mdomo ukibaki wazi. Nilikuwa katika hali hiyo, nimeshika chupa isiyokuwepo, nimejiziba mdomo, nimeacha kupumua, ndipo mama yake rafiki yangu akaja kunigusa bega aniulize kama nitakula ugali. Majirani walitoka nje kwa ukelele wangu.

Ilikuwa nusu saa bora kabisa ya gemu katika maisha yangu, na sijawahi kutaka kuirudia. Mchezo unachukua saa kumi na mbili hadi kumi na tano. Ni nani anaweza kujifungia macho na masikio kwa saa zote hizo katika nyumba ya chumba kimoja, ambapo mtoto anatambaa, jiko liko hapohapo, na stima inaweza kukatika ukiwa katikati?

#16 MwalimuLurambi (Kakamega)

Dada, nimecheka hadi mke wangu ameniuliza kuna nini. Lakini tukubaliane kwamba wakazi wa Seattle na Munich hawaishi katika chumba kimoja, na wao pia hawakuucheza kwa wingi. Kwa hiyo sababu zetu za Nyalenda na Lurambi zinaeleza kwa nini haukufika kwetu, ila haziwezi kueleza kwa nini haukufika kwao.

Mimi nadhani jibu ni Oktoba 2020. Miezi saba baada ya Alyx, Facebook walitoa Quest 2 kwa dola 299, bila waya, bila kompyuta, bila visanduku vya ukutani. Ndani yake mlikuwa na chipu ya jamii ya zile za simu, ambayo haikuweza kuubeba Alyx peke yake. Ungeweza kuiunganisha na kompyuta yenye nguvu ukaucheza, lakini aliyenunua Quest alinunua ili asihitaji kompyuta. Wateja wakaenda huko, watengenezaji wakawafuata, na michezo mingi ikashonwa kwa kipimo cha chipu ya simu. Alyx ulikuwa umejengwa pembeni ya barabara ambayo magari yaliacha kuipita. Wafanyabiashara wa miji iliyorukwa na barabara mpya wanaelewa ninachosema.

#17 MsemaKweliWebuye

Mwalimu, mfano ni mzuri, ila barabara mpya nayo haijajaa. Facebook walibadilisha jina la kampuni kuwa Meta mnamo Oktoba 2021 kwa imani hiyohiyo, wametumia mabilioni ya dola, na bado sijamwona mtu na Quest kwenye matatu ya Webuye. Mwezi Agosti 2022 waliipandisha bei Quest 2 kwa dola 100. Apple nao walileta miwani ya Vision Pro mwaka wa 2024 kwa dola 3,499, na haikuwa hata na nia ya kuuza michezo ya namna hii. Inawezekana tatizo haliko kwenye Alyx wala kwenye barabara, ila watu hawapendi kufunikwa uso. Hiyo ni dhana yangu tu, msininukuu.

#18 MzalendoBungoma

Nimesoma yote, na nimerekebishwa ipasavyo, asanteni. Nina swali la dhati safari hii. Kama mchezo ni mzuri hivyo, mbona haukupata hata tuzo ya mchezo bora wa mwaka?

#19 MenengaiJuu (Nakuru)

Swali zuri. Kwenye The Game Awards za 2020 ulishinda tuzo ya mchezo bora wa uhalisia pepe, na ukateuliwa katika kundi la uongozi bora wa mchezo, lakini katika orodha ya wateule wa mchezo bora wa mwaka haukuwemo. Uliwekwa kwenye meza yake ya pembeni, kama mgeni wa heshima anayepelekewa chakula chumbani. Mimi naona hapo ndipo umma ulipoambiwa, bila kuambiwa, kwamba hiki ni kitu cha wenyewe.

#20 TabibuWaZiwa (Kisumu)

Au majaji nao walikuwa na kichefuchefu.

Kwa wanaotafuta njia ya kuucheza bila Index: tangu Agosti 2024 miwani ya PlayStation VR2 inaweza kuunganishwa na kompyuta kwa adapta rasmi ya Sony, na Alyx unachezeka hapo. Kompyuta yenye kadi bado utaihitaji. Kuna pia mashabiki waliotengeneza modi ya kuucheza kwa kibodi na maus kwenye skrini ya kawaida, ila walioujaribu hivyo wananiambia kwamba kufungua droo kwa maus ni kufungua droo tu.

#21 FundiWa58 (Nakuru)

Hilo la mwisho la Daktari ndilo linanifanya nirudi kwenye hoja yangu ya bei. Uzuri wa mchezo wote uko mkononi: ukikunja kiganja, kitu kilicho mbali kinaruka na kukufikia, unakidaka. Huwezi kuionyesha hiyo kwa video, huwezi kuisimulia, lazima uivae. Na kuvaa ndiko kunakogharimu. Soda unaonja kwa shilingi thelathini.

#22 JaKondele (Kisumu)

Fundi, umenirudisha kibandani. Kama kuvaa ndiko kunakouza, basi mimi niliwavalisha vijana zaidi ya sitini bila kuwatoza hela siku ile ya kwanza. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza miwani inauzwa wapi. Waliniuliza kama nitaweka televisheni ya pili.

#23 FundiWa58 (Nakuru)

Uliwavalisha Quest, hukuwavalisha Alyx.

Tulimalize hili kwa vitendo. Yule mteja wangu wa kitambaa cha kufuma amekubali kuniazima Index yake Jumapili hii. Kompyuta ninayo dukani, soketi zipo tatu, na nimepima sakafu nikapata mita mbili kwa mbili na nusu nikiiondoa meza. JaKondele apande matatu ya asubuhi aje na vijana wake wawili wa benchi, BintiNyalenda aje na nywele zozote atakazokuwa nazo, na Daktari alete ndimu kwa watakaochafukwa. MenengaiJuu pia anakaribishwa. Balbu nimeshaitoa.